Dondoo muhimu: Tovuti yako ionekane Google

Anza na kichwa cha ukurasa. Fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, akiandika "Karibu" au "Nyumbani", Google haina cha kushika. Aandike "Vitanda vya mninga Keko: bei na picha", maneno yale yale anayoyaandika mteja kwenye simu. Na bei ziwepo kweli. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu.

Jiandikishe Google Search Console. Ni bure, na inakuonyesha watu walitafuta nini hadi wakakuona. Huenda wewe umejaza "samani" ukurasa mzima, kumbe wao wanatafuta "makochi".

Picha ya MB 5 ipunguze kabla ya kuipandisha. Mteja anatumia bando lake.

Ukifika kwenye matangazo ya kulipia, jua kwamba kulipa hakukupandishi kwenye matokeo ya kawaida. Google wenyewe wanasema hivyo. Ukiweka bajeti ya shilingi 10,000 kwa siku, usishtuke siku moja ikikatwa hadi 20,000: mfumo unaruhusu mara mbili, ila kwa mwezi hauvuki mara 30.4 ya kiwango chako. Weka pia maneno ya kuzuia, kama "ajira" na "mafunzo", la sivyo utalipia mibofyo ya watu wanaotafuta kazi, si kitanda.

Na yule anayekuahidi nafasi ya kwanza ndani ya wiki moja, usimlipe hata senti.