Kuongeza Kasi ya Kadi ya Grafiki: Anza kwa Kupunguza Joto

Vijana wengi katika kaunti hupata riziki kupitia kompyuta. Wapo wanaohariri video za harusi, wanaochora ramani za nyumba na wanaoendesha vibanda vya michezo ya video. Kazi hizi zote huegemea kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha zinazoonekana kwenye skrini. Kadi ikianza kulemewa na mwenyewe hana pesa za kununua nyingine, huambiwa kuwa ile aliyo nayo inaweza kuongezwa kasi kupita kiwango cha kiwandani. Mafundi huiita kazi hiyo ovakloki. Inawezekana, lakini anayeanza na kasi kabla ya joto huenda akapoteza kadi yenyewe.

Kasi ya ziada hutoka wapi?

Chipu ya kadi hufanya kazi kwa mapigo, na mapigo hayo hupimwa kwa megahezi. Kwa mfano, kadi ya GeForce GTX 1060 iliyotoka mwaka wa 2016 iliwekewa kasi ya msingi ya megahezi 1,506. Kiwanda huchagua kiwango ambacho chipu zote za aina hiyo zitakimudu, hata zile dhaifu. Kwa hivyo chipu nyingi huwa na nguvu kidogo iliyobaki, na hiyo ndiyo anayeongeza kasi huitafuta. Kadi mbili zilizonunuliwa siku moja zinaweza kutofautiana, na mipangilio ya jirani si lazima ifae kwingine.

Hesabu ya joto

Umeme ambao chipu hutumia ikiwa kazini huongezeka sambamba na kasi, lakini kwa volti huongezeka mara mbili mfululizo. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 5, umeme huo hupanda kwa takriban asilimia 21, na wote hugeuka kuwa joto. Kinyume chake pia ni kweli: volti ikipunguzwa kwa asilimia 10 bila kugusa kasi, umeme huo hushuka kwa asilimia 19.

Kadi ikipata joto kupita kikomo chake, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa GTX 1060, kikomo cha kawaida ni karibu nyuzi 83 za selsiasi. Kadi iliyojaa vumbi inaweza kuongezwa kasi asubuhi na kufikia adhuhuri ikawa polepole kuliko awali.

Hatua kwa hatua

1. Kompyuta izimwe na waya utolewe ukutani. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, feni ikishikiliwa isizunguke.

2. Kadi ya miaka mingi ibadilishwe pesti inayopitisha joto kutoka kwenye chipu, kwa kuwa hukauka. Kama bado ina waranti, masharti yasomwe kwanza kabla ya kufungua skrubu yoyote.

3. Joto lipimwe kadi ikiwa kazini kwa nusu saa. Programu ya MSI Afterburner hupatikana bila malipo na hufanya kazi hata kwa kadi za kampuni nyingine.

4. Volti ipunguzwe kidogo kidogo. Wengi hugundua kuwa hatua hii pekee inatosha.

5. Kasi ya chipu iongezwe kwa megahezi 25 kila mara, kisha ijaribiwe. Kumbukumbu ya kadi ishughulikiwe baadaye, peke yake.

Skrini ikionyesha madoadoa, ikizima ghafla au kompyuta ikijiwasha upya, mtumiaji arudi nyuma hatua moja au mbili. Kipimo cha kweli ni muda: kazi ile ile ipimwe kabla na baada. Kumbukumbu iliyosukumwa kupita kiasi inaweza kurekebisha makosa yake kimyakimya, na kazi ikachelewa ingawa namba za programu zimepanda.

Umeme wa kutosha

Tundu la kadi kwenye bodi ya kompyuta hutoa hadi wati 75. Waya wa pini 6 huongeza wati 75 na wa pini 8 huongeza 150. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika, zinazouzwa madukani kwa bei nafuu, zina pawa saplai ndogo isiyo na waya hizo. Humo inafaa kadi isiyozidi wati 75, na nafasi ya kuongeza kasi ni finyu. Kuungaunga waya ili kuipa kadi umeme zaidi kunaweza kuleta moto.

Tahadhari kuhusu bayosi

Wengine hubadilisha bayosi, programu iliyo ndani ya kadi yenyewe. Umeme ukipotea katikati ya kazi hiyo, kadi inaweza kukataa kuwaka tena. Asiyeweza kuacha ahifadhi nakala ya bayosi ya awali na atumie UPS.

Anayenunua kadi iliyotumika naye awe macho. Mtandao wa Ethereum uliacha kutumia kadi za grafiki kuchimba sarafu tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi za wachimbaji zikaingia sokoni, baadhi zikiwa na bayosi iliyobadilishwa. Matapeli nao huweka bayosi bandia ili kadi kuukuu ya GTS 450 ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z huweza kutambua nyingi za namna hiyo. Kadi ijaribiwe kabla ya pesa kutolewa.

Faida na hasara

Kazi ya dakika 60 ikipata kasi ya asilimia 10 huisha kwa takriban dakika 55. Kwa mwenye wateja wanaosubiri, dakika hizo tano zina maana. Hata hivyo, kadi ikiharibika msimu wa harusi, mapato yote husimama. Wakazi wanashauriwa kusafisha na kupoza kwanza, kuongeza kasi polepole, na kuacha bayosi kama ilivyo. Kadi iliyokufa isichomwe wala kutupwa shimoni, kwa kuwa ina metali zenye sumu. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki.