Tishari la Magunia na Nusu-Maisha ya Atomi

Wanafunzi wenzangu, katika mtihani mmoja niliandika kwamba kitu chenye mionzi, zikipita nusu-maisha mbili, huwa kimekwisha. Nikapata sifuri. Kosa langu nililielewa baadaye katika Bandari ya Juba, kando ya Bahr el Jebel, nikitazama mahamali wakipakua tishari. Magunia yalikuwa 400. Siku ya kwanza walishusha 200, siku ya pili 200, tishari likabaki tupu. Atomi hazifanyi hivyo. Zikiwa 400, baada ya nusu-maisha moja hubaki zipatazo 200, kisha 100, kisha 50. Hamali huanza na gunia la juu. Atomi haina zamu wala haizeeki, na hakuna awezaye kusema ipi itavunjika sasa.

Magunia yale yalikuwa ya maharagwe, na maharagwe yana potasiamu. Kiini cha atomi yake ya kawaida kina protoni 19 na nyutroni 20, lakini yapata atomi 12 katika kila 100,000 zina nyutroni 21, nazo si imara. Mara nyingi nyutroni moja hugeuka protoni, elektroni ikafyatuka nje, na ile atomi ikawa kalsiamu. Nusu-maisha yake ni miaka milioni 1,250!

Nilipomweleza hamali mmoja, alitua gunia kwa hofu. Nikamwambia, “Mzee, hata ndani ya mwili wako huvunjika atomi za namna hii zipatazo 4,000 kila sekunde, tangu ujanani.” Akacheka, akajitwika tena.