Somo: Kusoma Bili ya Daktari Bingwa wa Marekani

Bili za Marekani siku hizi zinatufikia hata huku mashambani. Mama ameenda kumtembelea binti yake kule, moyo ukamsumbua, na sasa jamaa wanaitwa harambee. Kabla hamjachanga, someni karatasi yenyewe.

Kule kila mara mgonjwa akionana na daktari kliniki, huandikwa namba. Mgonjwa mpya ni 99202 mpaka 99205. Wa zamani ni 99211 mpaka 99215. Mpya hulipa zaidi. Wa zamani ni nani basi? Ni yule ambaye katika miaka 3 iliyopita amehudumiwa na daktari huyo, au na mwenzake wa ubingwa ule ule kabisa katika kikundi hicho hicho. Kwa hivyo mama akipelekwa chumba cha pili kwa mwenzake huyo, yeye si mgeni. Akiandikwa 99204, hapo kuna swali.

Tarakimu ya mwisho nayo hupanda. Tangu 2021 daktari huipima kwa uzito wa uamuzi wake au kwa dakika zake za siku hiyo: 99213 ni kuanzia dakika 20, 99214 ni 30, 99215 ni 40. Mama atasema, “Lakini aliniona dakika kumi tu!” Kumbe kusoma faili na kuandika pia huhesabiwa. Dakika za nesi, hapana.

Binti na aombe, kwa idhini ya mama, bili inayoonyesha kila namba, kisha amuulize karani kabla ya kulipa.