Usichimbe mfereji kwa kuamini namba ya simu



Juzi nipo Darajani natafuta mbegu za bamia, mkulima mmoja wa mpunga kanionesha simu yake. "Bwana shamba, programu inasema chemchem iko mita 14, jaruba langu mita 12. Si nichimbe tu?"

Nikamwambia subiri kwanza.

Namba zile mara nyingi zinatokana na GPS ya simu, au vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, nukta moja kila mita 30 hivi. Vinaweza kukosea mita kadhaa. Mfereji wa udongo wenye urefu wa mita 100 unataka mteremko wa sentimita 20 hivi tu. Ukizidisha sana, maji yanakula kingo. Sasa utapimaje sentimita kwa kifaa kinachokosea mita?

Tuna picha bora zaidi. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi na SUZA, pamoja na Benki ya Dunia, walirusha ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha visiwa vyetu. Mitaro na mipaka inaonekana vizuri, na kwa kupanga wapi mpunga na wapi migomba zinafaa sana. Ila kimo kinachotokana na picha hushika kichwa cha mnazi, si ardhi chini yake. Shamba la mikarafuu litakuonekania kilima!

Tena tazama ramani ni ya lini. Hapo hapo tuliposimama palikuwa na daraja, mkono wa bahari ukitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Ulishafukiwa.

Mimi mwaka wa kwanza kazini niliamini namba. Tukachimba mita 60, masika ikaingia, maji yakarudi kwa jirani. Miche yake ikaoza, na wale wawili hawakusalimiana msimu mzima. Kosa langu.

Kwa hiyo ramani ikuchagulie njia, halafu pima kwa mpira wa maji. Chukua mpira unaoonesha ndani, ujaze maji, mapovu yote yatoke. Mmoja ashike ncha huku, mwengine kule. Maji yakitulia, kila mtu apime kutoka ardhini hadi usawa wa maji. Penye kipimo kikubwa ndipo chini. Sogeeni mbele, rudieni mpaka mwisho, muandike kila tofauti.

Yule bwana akaenda kununua mpira wa mita 10. Jumamosi tunapima, na jirani yake nimemwambia amwite.