Dondoo muhimu: Mbwa akimeza gunzi
Mahindi mabichi yakifika, makaa hayapoi kuanzia Keroka hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii, na magunzi hutupwa popote. Mbwa huyapenda hata yakiwa yamepakwa ndimu, chumvi na pilipili. Ila tumbo lake haliwezi kuyasaga. Kipande cha urefu wa kidole gumba chatosha kuziba utumbo, tena huenda kikakaa kimya siku kadhaa kabla ya kuleta balaa. Magunzi yaanike uwashie jiko, au yatupe kwenye shimo lenye kifuniko.

Mbwa akitapika kila anachokula, akakunja mgongo na kukosa choo, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mwambie alimeza nini na lini. Usimnyweshe maji ya chumvi wala mafuta, hata jirani akiapa yalimponya wake.

Paka yeye ugonjwa wake ni nyuzi. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au mkunduni, usiuvute. Uzi huo waweza kukata utumbo kama msumeno. Na ile betri ndogo ya rimoti ikimezwa? Haingoji kesho: huunguza koo kwa saa chache tu.