Kuuza si Kuzima: Somo la Kampuni Iliyohama Makaa

Leo nawaletea somo la kawi. Msiseme ati hilo ni la mwalimu wa Fizikia peke yake. Sote huwasha taa jioni, na stima hiyo haishuki kutoka mbinguni.

Tuanze na maneno. Visukuku ni masalia ya mimea na viumbe waliozikwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita. Makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia hutokana na masalia hayo. Ukiyachoma yamekwisha, na hewa yake huzidisha joto duniani. Kawi jadidifu ni ile isiyomalizika kwa kutumiwa, kama vile upepo, jua, maji ya mito na mvuke wa ardhini.

Shida ni mwalimu

Hebu twende Denmark, nchi ndogo kaskazini mwa Ulaya. Mwaka wa 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilipopandisha bei ya mafuta, Denmark ilitegemea mafuta ya kigeni kwa karibu asilimia 90 ya kawi yake. Watu walikatazwa hata kuendesha magari Jumapili! Mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imeanzisha kampuni yake ya gesi. Kampuni hiyo ilikua, na mwaka wa 2006 ikaungana na nyingine tano, ikaitwa DONG Energy. Ilichimba mafuta na gesi baharini, tena ilichoma makaa ya mawe kwa wingi.

Katika muungano huo ilirithi pia mitambo 11 ya upepo ya Vindeby, iliyojengwa baharini mwaka wa 1991. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya aina yake duniani. Yote kwa jumla haikufikisha megawati 5. Kumbe mdharau mwiba mguu huota tende!

Hesabu iliyogeuzwa

Mwaka wa 2009 kampuni ilijiwekea hesabu. Wakati huo asilimia 85 ya umeme na joto lake ilitoka kwa visukuku, na 15 tu kwa kawi jadidifu. Ikaamua kwamba kufikia mwaka wa 2040 hesabu hiyo iwe imepinduka. Mwaka uo huo iliacha mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha makaa ya mawe huko Lubmin, Ujerumani, ambako wenyeji walikipinga vikali. Je, unajua lengo lilifikiwa lini? Mwaka wa 2019, miaka 21 kabla ya wakati!

Iliwezaje? Kwanza, ilijenga mitambo ya upepo baharini mingi na mikubwa zaidi kila mara, hata gharama ikashuka. Hornsea 1, katika bahari ya Uingereza, ina mitambo 174 yenye uwezo wa megawati 1,200 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara 240 ya Vindeby. Pili, serikali zilishika mkono. Denmark ilibaki na zaidi ya nusu ya hisa, na Uingereza iliahidi bei ya umeme kwa miaka mingi, basi wakopeshaji hawakuogopa. Tatu, baadhi ya viwanda vya makaa viligeuzwa ili vichome kuni.

Mwaka wa 2017 kampuni iliuza visima vyake vya mafuta na gesi kwa Ineos, kisha ikabadili jina, ikaitwa Ørsted. Jina hilo ni la Hans Christian Ørsted, mwanasayansi Mdenmark ambaye mwaka wa 1820 alionyesha kuwa mkondo wa umeme hutikisa sindano ya dira. Angalieni mpangilio: kazi ilitangulia, jina likafuata. Wangapi hupaka rangi ukuta wa nyumba inayovuja?

Tusisifu kupita kiasi

Hata hivyo, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Visima vilivyouzwa havikufungwa. Mnunuzi aliendelea kuvuta mafuta. Kwa hiyo mimi nasema kuuza si kuzima. Vitabu vya kampuni vilisafika, lakini anga haijui nani ana hatimiliki.

Kuni nazo zina maneno. Mti hukatwa kwa saa moja na huchukua miaka mingi kukua. Sisi tulioona vilima vikibaki vipara kwa sababu ya makaa ya miti hatuhitaji kuambiwa. Kuni ni kawi jadidifu iwapo tu anayekata anapanda na kungoja.

Tena njia haikunyooka. Urusi ilipovamia Ukraine mwaka wa 2022 na gesi ikaadimika, serikali ya Denmark iliiamuru kampuni iendelee kuchoma makaa kwa muda. Kiwanda chake cha mwisho cha makaa, huko Esbjerg, kilifungwa Agosti 2024. Mwaka wa 2023, gharama na riba zilipopanda, iliacha miradi miwili mikubwa ya upepo katika bahari ya New Jersey, Marekani.

Sisi je?

Umeme wetu mwingi hutoka kwa mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Marsabit, ambako mitambo 365 iliundwa na Vestas, kampuni ya huko huko Denmark. Mnamo Juni 2019, baraza la kesi za mazingira lilifuta leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Lamu, baada ya wenyeji kulalamika. Denmark ilihitaji miaka mingi na fedha nyingi kuuzima moto wake. Kwetu moto huo wa makaa ya mawe haujawashwa. Kutouwasha ni rahisi kuliko kuuzima, nasi ndio tutakaoulizwa kesho.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kuuza kisima na kukifunga.
2. "Kuni ni kawi jadidifu." Jadili.
3. Ukisikia kampuni ikijisifu kuwa imebadilika, utaiuliza maswali gani matatu?