Lantana Haifai Kuwa Ua wa Boma

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, lantana, ambayo Waluo huiita nyabend winy, hupendwa kwa mambo mawili: maua yake ya rangi nyingi, na kwamba mbuzi hawaigusi. Hilo la pili ndilo linalopaswa kututia shaka. Mifugo huiepuka kwa sababu majani yake yana sumu. Kiangazi kikikausha nyasi, au ng'ombe asiyeijua akiletwa kutoka mnadani, lantana huliwa, na sumu hiyo huharibu ini. Mnyama huacha kula, hufunga choo, macho yake huwa ya manjano, na ngozi ya pua, masikio na sehemu zenye manyoya meupe huchubuka akikaa juani. Mfugaji asidhani ni jua tu: amweke kivulini na amwite daktari wa mifugo mara moja. Watoto nao wakatazwe matunda yake, hasa mabichi.

Kuitambua si vigumu. Shina lake changa lina pembe nne na miiba midogo iliyopinda. Majani huota mawili mawili yakitazamana, hukwaruza mkono, na yakifikichwa hunuka vikali. Vijiua hukusanyika kichwa kimoja, mara nyingi vya katikati manjano na vya pembeni vyekundu au vya waridi. Matunda ya kijani hugeuka meusi yanayong'aa.

Wapo wasemao kwamba ua ukipogolewa hauwezi kuenea. Ingekuwa kweli kama ndege hawangekula yale matunda meusi na kudondosha mbegu mbali na boma. Leo lantana imevamia Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, iliyotangazwa mwaka 1983, ambako inabana nyasi za korongo, swala mkubwa ambaye nchini Kenya amebaki hapo pekee. Vichaka vyake pia huwapa mbung'o kivuli, na bonde la Lambwe, iliko mbuga hiyo, limeteseka vya kutosha kwa malale na nagana. Ni kweli kwamba ua huu ni rahisi, na hatumlaumu aliyeurithi. Lakini kayaba pia huzuia mifugo kwa miiba yake, na matunda yake huliwa. Anayeondoa lantana aing'oe na shina lake la chini kabla haijazaa. Kukata au kuchoma tu huifanya ichipue upya. Kisha apande nyasi papo hapo, na mvua za masika zikinyesha arudi kung'oa miche iliyochomoza.